Kimo cha Jiliwa

Jiliwa la kibanda chetu hapa Muthara, lile la kubania chuma kinaponolewa, limefungwa kwenye meza aliyoiunda mume wangu mwenyewe. Miguu ya meza ni vyuma vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine, vyenye matundu. Ukichomoa bolti nne unaipandisha au kuishusha upendavyo. Yeye ni mrefu, mimi ni mfupi. Aliiweka kwenye matundu ya juu, ikakaa hapo miaka.

Mafundi wana kipimo chao. Unasimama wima, unakunja mkono, na kiwiko kinatakiwa kiwe sawa na sehemu ya juu ya jiliwa. Hapo tupa ya kunolea inakwenda moja kwa moja na mgongo haulalamiki. Alinifundisha hayo zamani, nilipokuwa nikimletea chai. Mimi jiliwa lile lilinifika kifuani.

Kiharusi kilipompata, tulirudi kutoka hospitali Meru akiwa na mkono mmoja unaofanya kazi, wa kulia. Nikachukua kibanda, kwa kuwa watoto hawaachi kula. Nilinoa mapanga na kutia majembe mipini nikiwa nimepanda juu ya kreti ya soda. Kreti haitulii. Ukisukuma tupa, nayo inasogea. Jioni mabega yaliniwaka, nyayo ziliuma, na bado sufuria ilikuwa ikiningoja. Nilichoka, sitadanganya. Kuna siku nililala na viatu.

Si ungeshusha meza? Kila mteja aliniuliza hivyo, na kila mteja nilimjibu vibaya. Bolti ni nne tu, najua kuhesabu. Lakini kuishusha kungekuwa kusema hadharani kwamba fundi harudi tena, na fundi mwenyewe alikuwa pale pale akinitazama. Kila asubuhi bodaboda ilimleta, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkono wa kushoto umelala mapajani. Ningemtendeaje hivyo mbele ya macho yake? Nikaendelea kupanda kreti. Mwaka mzima.

Ndipo siku moja akaja mwenye bucha wa jirani, panga mkononi.

"Mama, hii panga umeifanya aje? Inateleza tu kwa mfupa. Wakati wa mzee haikuwa hivi."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Ukisukuma tupa kwa mabega badala ya kiwiko, inayumba, na makali yanakuwa ya mviringo. Nilimwambia aliache, arudi mchana. Alipoondoka nilipiga kreti teke mpaka nje, nikachukua spana. Sikumtazama mume wangu. Nilifungua bolti moja baada ya nyingine, nikashusha kona hii, kisha ile, na kwa hasira niliteremsha meza mpaka matundu ya mwisho, chini kuliko hata nilivyohitaji mimi. Nilikuwa nikilia huku nakaza bolti. Nilijiambia, sasa umemzika mtu akiwa hai.

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu. Alikuwa anakivuta, akiegemea ukuta, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Nikakimbia kumshika, akanisukuma kwa bega. Aliketi mbele ya meza, na jiliwa likawa sawa na kiwiko chake. Akaingiza panga la mwenye bucha kwenye jiliwa, akalizuia kwa kifua, akazungusha mpini wa jiliwa kwa mkono wake mzima mpaka likashika barabara. Halafu akanyoosha kiganja, akingoja.

Nikampa tupa.

Alinoa polepole, mkono mmoja, akipuliza chenga za chuma, akipima makali kwa kidole gumba. Mkono aliokosa, jiliwa lilikuwa nao. Alipomaliza aligeuza panga upande wa pili, akanoa tena. Mwenye bucha alirudi, akalijaribu kwenye ukucha wake, akaenda zake bila kusema kitu, na kwa mtu yule hiyo ni sifa kubwa.

Nilimwuliza mume wangu kwa nini hakuniambia hata siku moja kwamba anaweza kunoa akiwa ameketi. Maneno humtoka kwa shida tangu augue, kwa hiyo nilimngoja. Alikuwa anafuta tupa kwa kitambaa, hanitazami.

"Nilidhani," akasema, "umeiacha meza juu ndio nisiguse."