Vihema vya Watoto Kwenye Kiwanja cha Duane

Wakati waasi walipokuwa wanatawala kwetu, duane, yaani ofisi ya forodha, iliendelea kufanya kazi. Mihuri ilibadilika, wakubwa wakabadilika, lakini malori yaliendelea kuja kutoka mpakani na mizigo ililipiwa ushuru. Mimi niliishi Butembo, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wafanyabiashara karatasi za mizigo. Kila kitu kilipaswa kuitwa kwa jina lake katika kitabu cha ushuru, kwa sababu ushuru hufuata jina.

Asubuhi moja niliteremka Beni kumtolea mzigo mfanyabiashara Mwislamu wa mtaa wa Bungulu, ambaye wote tulimwita Hadji. Alikuwa mtu mpole, mwenye lori lake mwenyewe, na safari hiyo alikuwa ameleta vihema vya watoto kuchezea, vile vya kitambaa chepesi na fito za plastiki. Mtu wa duane alifungua furushi la kwanza, akatoa kihema chenye picha za tembo, akakipapasa.

"Mama, umeandika kitu ya kucheza. Lakini hii ni tente, hema ya kulala."

"Ni tente ya batoto, shefu. Haina chini, na mutu mukubwa hawezi kulala ndani. Mu kitabu banaiweka pamoja na bitu bya kucheza."

Alikubali. Alikuwa ameshashika muhuri alipofungua furushi la pili. Vihema vya humo vilikuwa vya kijani na kahawia, madoa madoa kama sare ya askari. Hadji mwenyewe hakujua. Aliagiza rangi mchanganyiko tu. Komanda mmoja wa waasi alikuwa amesimama kiwanjani akingoja mafuta ya gari lake. Aliona, akaja polepole.

"Hii munapelekea nani?"

Nilimjibu kwamba ni ya watoto. Hakunitazama, alimtazama Hadji. Siku hizo kulikuwa na mapigano upande wa Kalunguta, na tulijua watu waliokamatwa kwa kuwapelekea wapiganaji wa porini, maadui wa waasi, chumvi tu. Wengine hawakurudi. Mtu wa duane aliweka muhuri mezani, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Sikumlaumu.

Tulikalishwa juu ya mafurushi, askari wawili mbele yetu. Hadji alikuwa akisogeza midomo bila sauti, nikajua anaomba. Komanda akaamuru kihema kisimamishwe, kisha akamwambia askari mmoja mrefu aingie alale. Miguu ya askari ilibaki nje tangu magotini. Hakuna aliyecheka.

"Unaona, komanda," nilisema kwa sauti ambayo sikuitambua. "Ni ya batoto."

"Mu pori mutu analala amejikunja," akajibu.

Hapo nilifikiri tumekwisha. Niliwaza watoto wangu kule Butembo, ni nani angewapelekea habari, na angewaambia mama yao amekamatwa kwa kosa gani.

Hadji akasema kwa sauti ya chini, bila kuinuka, "Komanda, bamwange mayi juu. Kama ni ya askari, mayi haitapita."

Nilimfinya mkono anyamaze. Komanda akaitisha ndoo ya maji. Ikamwagwa juu ya kihema, askari akiwa bado ndani. Maji yalipita kwenye kitambaa kama kwenye chujio, na askari akatoka amelowa kichwa na mgongo, akijipangusa uso. Komanda akamtazama, halafu akatutazama sisi.

"Hizi zinabakia," alisema, akionyesha zenye madoa. "Ingine mubebe. Na wee mama, siku ingine andika rangi."

Kitabu cha ushuru hakiulizi rangi, lakini nilijibu, "Ndiyo, komanda." Muhuri ukapigwa harakaharaka, vihema vikapita kama vitu vya kuchezea.

Tulipoingia kwenye lori, Hadji alishindwa kuwasha gari. Ufunguo ulimponyoka. Tulikaa vile, vioo vimefungwa, katika joto lile la Beni, na hakuna kati yetu aliyetaka kuvifungua.

Vile vya tembo Hadji aliviuza vyote, kisha akarudi kwenye biashara yake ya sabuni na sufuria. Mimi niliendelea na kazi. Lakini kila nilipopita Bungulu nikaona kihema kimesimama uani, na sauti za watoto zinatoka ndani, nilivuka upande wa pili wa barabara.