Kiwanda Kimeipenda Mashine Yangu ya Chapati, na Jumatatu Wanataka Niiwashe

Admin, ficha jina langu lakini usifiche sifa zangu. Mimi ndiye kijana mwenye akili kuliko vijana wote kuanzia Kyebando mpaka Nakivubo. Ningesema Uganda nzima, ila sijapita kila wilaya kuhakikisha. Nina miaka ishirini na mbili. Shule niliishia Senior Two ada ilipogoma, nikakaa gereji Kisenyi nachomelea mageti, hadi chuo kimoja cha ufundi hapa Kampala kikanichukua. Wenzangu darasani wana Kiingereza cha kujaza tenki. Mimi nina mikono. Na sura pia, lakini hayo tuyaache.

Marehemu baba alikuwa askari kutoka kaskazini, ndiyo maana kwetu tunaongea Kiswahili cha kambini mpaka leo. Mama alinilea kwa chapati. Anaziuza kando ya barabara Kyebando, anakanda na kusukuma kila asubuhi, na sasa kifundo cha mkono wake wa kulia kimevimba kama kiazi, anakifunga kitambaa. Kwa hiyo chuo kiliposema kila mwanafunzi abuni kitu cha kuonyesha watu wa viwanda, sikuumiza kichwa. Nikasema natengeneza mashine ya kusukuma chapati, mama apumzike.

Mwalimu wetu wa mradi akacheka. "Wewe na chapati? Wenzako wanatengeneza programu za simu."

"Mwalimu, programu ya simu inaliwa?"

Huyu mwalimu anapenda kutuambia viwanda vinatusubiri. Mwaka jana walitupeleka kiwandani kujifunza kazi. Nilichojifunza ni kwamba chai ya bosi haitaki tangawizi. Mwenzangu alifagia stoo mpaka akawajua panya kwa majina. Tukarudi chuoni, tukapigiwa makofi eti tuko tayari kwa kazi za kesho. Kama kesho yenyewe ni ufagio, mimi hiyo kesho siitaki.

Basi nikatafuta mota ya mashine mbovu ya kufulia, nikachonga rola mbili, nikachomelea boksi, nikalipaka rangi nyekundu. Ungeiona ungeiposa. Siku ya maonyesho mwalimu akaniita pembeni: "Wewe simama tu hapo. Mwenye Kiingereza ndiye ataongea. Ukifungua mdomo utatuharibia."

Nikaufungua.

Alikuja mama mmoja mkubwa wa kiwanda cha mikate, viatu vinang'aa, watu wanamfuata nyuma. Nikamwita kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, sogea, mashine haiumi." Nikawasha. Mota ikanguruma, nikavuta kamba, chapati ikateleza kwenye kikaango cha moto. Akala. Akala tena. Akauliza, "Kijana, nani amekufundisha?"

"Mama yangu, nnyabo. Hapa chuoni nilikuja kukopa umeme tu."

Banange, watu walicheka! Mwalimu naye alitabasamu, ila kwa meno tu. Yule nnyabo akasema mbele ya wote: "Jumatatu ijayo lete mashine kiwandani, uiwashe mbele ya mafundi wangu. Ikienda, una nafasi kwangu mwaka mzima. Na wenzako nitawachukua kwa zamu, washike mashine, siyo birika."

Sasa chuo kizima kinanisalimia. Mwalimu anataka jina lake litangulie langu, anasema chuo ndicho kilichonizaa. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nina mama, na siku hiyo wodini wewe hukuwepo." Amenuna. Anune. Najua hata humu kuna watakaosema nina kiburi. Ninacho, na nimekichomelea mwenyewe.

Mtauliza, kijana mwenye bahati hivi anaomba ushauri wa nini?

Haya. Siku moja kabla ya maonyesho niliijaribu ile mashine. Unga niliokanda laini ulinata kwenye rola ukajizungusha kama bandeji. Nikatia unga mgumu, ukapita vizuri, lakini chapati iliyotoka ungeweza kuivaa mguuni. Alfajiri nikamwomba mama anisukumie chapati kadhaa, nikamwambia ni chakula cha wageni. Akasukuma na kifundo chake kile kile. Nikazipanga kwenye droo chini ya boksi. Ile kamba niliyovuta ilifungua droo. Mota ilikuwa inapiga kelele tu.

Na mama alikuja kwenye maonyesho. Alivaa kitenge chake kizuri, akasimama mbele kabisa. Yule nnyabo akamkatia kipande. "Mama, onja. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kusukuma laini hivi."

Mama akatafuna polepole. Mtu anaijua chapati yake. Akanitazama, akakitazama kitambaa cha mkononi, akasema, "Iko muzuri sana, mashine ya mutoto yangu." Watu wakapiga makofi. Naye alipiga, kwa mkono wa kushoto, kwenye paja.

Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu. Ananiandalia chai kama kawaida, ananiita baba kama kawaida.

Jumatatu inakuja. Nikisema ukweli, nafasi imekwenda, na wenzangu wanarudi kwenye birika. Nikinyamaza, mafundi watafungua boksi na kuiona droo. Naweza kuzitengeneza zile rola, naapa, ila si kwa siku hizi zilizobaki. Ndugu zangu mnaosoma hapa, matusi nitayabeba, lakini mkimaliza kunitukana nipeni na neno la kufanya. Hata ninyi wenye wivu.

Ila kiwanda sicho kinachoninyima raha. Niliitengeneza ile mashine ili mkono wa mama upumzike. Mpaka leo, kazi pekee ambayo imefanya ni kumwongezea mama chapati za kusukuma.