Mbuzi wa Nurys na Namba ya Leuris

Aridio Severino aliingia katika familia hii kama mkwe, na kwa muda mrefu sikumwamini. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilikuwa mke wa jaji. Nilizoea kuona watu wa maneno machache wakiwa wamesimama kizimbani.

Baba yake alikuwa mpima miwa kwenye mizani ya kiwanda cha sukari. Aridio mwenyewe alicheza besiboli tangu utoto, akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila mpira unaorushwa. Alipelekwa Marekani akiwa kijana, akarudi na magoti mabovu na Kiingereza cha kuagizia kuku. Binti yangu Ivelisse alimpenda hivyo hivyo. Mume wangu, jaji Leovigildo Almánzar, alipofariki, walihamia kwangu hapa Villa Carmela ili nisikae peke yangu, na baadaye Aridio akapewa umeneja wa Nyuki, timu ya mji wetu. Yeye ndiye anayeamua nani aanze na nani asugue benchi. Katika mji huu meya anaweza kulala mchana kutwa asiulizwe. Meneja wa Nyuki anaulizwa hata kanisani.

Miaka yote marehemu alipokuwa kazini, hata parachichi la mtu mwenye kesi halikuvuka lango letu. Kwa hiyo msimu huu nilipoona bata mzinga akiingizwa langoni kwangu, amefungwa miguu, niliweka kikombe cha kahawa mezani nikasimama dirishani.

Aliyemleta alikuwa Nurys Polanco, mwanamke wa mashamba ya miwa. Mchezaji wetu anayelinda kituo cha pili uwanjani, Montilla, alikuwa amevunjika kidole, na Nyuki walikuwa wamempandisha Leuris, mtoto wa Nurys, kutoka timu ya vijana ili ashike nafasi hiyo.

"Si kitu cha maana, doña," Nurys alimwambia Ivelisse, kwa neno la heshima tunalomwitia mwanamke wa nyumba. "Ni asante tu kwa don Aridio, kwa kumkumbuka mwanangu."

Ivelisse akapokea kwa mikono miwili, akamkaribisha kahawa. Wiki hiyo hiyo gunia la mbaazi likaja kutoka kwa wazazi wa mrushaji mmoja mpya. Sikuuliza kitu. Nilitaka kwanza kuona.

Dukani kwa don Quiterio walikuwa wameshaona. Wazee wa domino walikuwa mezani kwao nje, naye akaniita nikiwa bado barabarani.

"Karibu, doña Zunilda! Leo nikupimie mahindi ya kuku au ya bata?"

"Nipe chumvi, Quiterio."

"Chumvi ya kitoweo gani? Maana kwako siku hizi vinaingia vya kila aina."

Wazee wakacheka wakiangalia kete zao. Nililipa chumvi yangu nikaondoka bila haraka, kwa sababu mtu akikimbia ndipo wanapoamini.

Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza redio kwa makini, kama nilivyokuwa nikisoma hukumu za mume wangu kabla hajaenda kuzitoa. Nilitaka kujua nani kaleta nini, na nani kapewa namba. Nilitegemea kusikia jina la Leuris. Sikulisikia. Yule wa mbaazi naye hakurusha hata mpira mmoja. Lakini kijana mwingine, Deivi, aliyelelewa na bibi asiye na hata yai la kutoa, alipandishwa Jumanne, na Jumatano akaanza.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilizidi kuingiwa na wasiwasi. Nilijiuliza kama bata mzinga alikuwa kitu kidogo mno, na kama vitu vikubwa vinapokelewa kwingine, uwanjani, nisikokuona. Nikaanza kukagua buti la gari la Aridio kila alipoingia kuoga. Niliona viatu, mipira iliyochakaa na chupa za dawa ya magoti. Hilo nalo halikunituliza.

Kisha Nurys akarudi na mbuzi. Nilikuwa nyuma ya pazia nilipomsikia akimnong'oneza binti yangu: "Nadhani yule bata alikuwa mdogo. Unisamehe, dada. Mwambie don Aridio huyu ana nyama."

Ivelisse akamfunga mbuzi chini ya mti wa mlimau. Mimi nikakaa kitandani kwangu.

Jumapili nilikwenda uwanjani, mara ya kwanza tangu nifiwe. Leuris alikuwa mwisho wa benchi, glavu magotini, mgongo umenyooka kama yuko shuleni. Mchezo ukaenda hadi zamu ya mwisho ndipo Aridio akamwita, si kupiga, ila kukimbia badala ya mchezaji mmoja mkongwe na mnene aliyefika kituo cha kwanza akihema. Aliyefuata akapiga mpira mkononi mwa mpinzani, mchezo ukaisha. Nguo za Leuris zilikuwa nyeupe kama alivyozivaa.

"Aridio!" mtu alipiga kelele nyuma yangu. "Huyo mtoto ataota mizizi hapo benchi!"

"Mwache bwana," mwingine akajibu. "Anasubiri ng'ombe wafike!"

Jukwaa zima likacheka, na waliokuwa karibu nami wakageuza nyuso zao pembeni haraka.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, nilimwambia Aridio asiondoke mezani.

"Nataka kujua unachouza," nilisema.

Hakukasirika. Alisukuma sahani ya ndizi pembeni. "Siuzi kitu, mama."

"Basi mbuzi huyo nje amekuja kutembea?"

"Mama, mtu ameleta mnyama wake mpaka mlangoni, majirani wanatazama. Nimrudishe? Marehemu baba alikuwa jaji. Akirudisha kitu, watu wanasema huyu mwadilifu. Mimi nikirudisha mbuzi wa mama wa mchezaji, watasema nimemwambia mwanawe hafai. Habari itamfika mtoto kabla mbuzi hajafika nyumbani."

"Kwa hiyo unakula."

"Nakula. Halafu mtoto anakaa benchi mpaka watu wasahau walichokiona kikipita. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Asiyeleta kitu anacheza mara moja. Aliyeleta anasubiri. Hakuna atakayesema namba imenunuliwa katika nyumba ya jaji Almánzar."

Nakiri moyo ulitulia. Lakini haukukaa hivyo, maana Ivelisse aliyekuwa akitoa vyombo alisimama.

"Sasa unamwona Nurys analeta tena kwa sababu mwanawe hachezi, na mwanawe hachezi kwa sababu analeta. Hii itaisha lini, Aridio?"

"Itaisha Ijumaa," alisema polepole. "Kidole cha Montilla kimepona. Ijumaa anarudi, na Leuris anarudi timu ya vijana."

"Bila kucheza?"

Sote tunajua katika mji huu kijana anayerudishwa bila kucheza anavyosemwa. Hakuna anayesema hakupewa nafasi. Wanasema alijaribiwa akashindwa, na mwaka unaofuata wanaitwa wengine.

"Anajua kucheza?" nilimuuliza.

"Ana mikono mizuri kuliko ya Montilla."

"Basi unamwadhibu mtoto kwa sababu mama yake ana adabu. Na unafanya hivyo kwa jina langu."

"Mama, nikimweka Alhamisi na mbuzi yuko chini ya mlimau, watasema nini?"

Alikuwa sahihi kuhusu watakachosema. Hapo ndipo nilipoona ni juu yangu. Mbuzi akiondoka kimya kimya, hakuna atakayeamini kwamba aliondoka. Ilibidi aondoke mchana, mbele za watu, mikononi mwa mtu ambaye hawawezi kumpuuza. Na akipita mbele za watu, mji mzima utajua kwamba aliwahi kuingia.

Jumatano asubuhi nilivaa gauni langu la kijivu na hereni, nikafungua kamba, nikashika njia kuu. Mbuzi alikuwa mkaidi, akasimama kula maua ya jirani, kisha akasimama tena mbele ya duka la don Quiterio kana kwamba amelipwa.

"Doña Zunilda! Unamtoa matembezi au anakutoa yeye?"

"Namrudisha kwa mwenyewe," nilisema kwa sauti ya kufika ndani. "Aliletwa kwetu. Harudi tena."

Wazee wa domino wakainuka kumtazama mbuzi.

Tangu mwanawe apandishwe, Nurys alikuwa anakaa kwa dada yake mjini, nyuma ya kanisa. Aliponiona na kamba mkononi uso ukamshuka. "Amekataliwa," alisema. "Mwanangu hafai."

"Mwanao anafaa. Lakini mkwe wangu hawezi kumpa namba kijana ambaye watu wanasema amenunua. Mchukue mbuzi wako, na mchukue hapa hapa nje, waone."

"Sasa mtu ashukuru vipi, doña? Mimi sikuja kununua."

"Najua. Utashukuru akishacheza, na utashukuru kwa mdomo."

Alishika kamba. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, na madirisha yote yakiwa wazi: "Na bata mzinga?"

"Bata tumemla," nilisema. "Alikuwa mtamu. Hakumfaa kitu mwanao, na hatutakula mwingine."

Alhamisi Leuris alianza kituo cha pili. Mpira wa kwanza uliomjia ulimpita katikati ya miguu, na redioni nikasikia uwanja ukizomea hadi mtangazaji akafunikwa. Ivelisse alifumba macho. Aridio hakumtoa. Zamu za mwishoni Leuris aliurukia mpira uliokuwa umeshapita, akaudaka akiwa chini, akaurusha kituo cha kwanza akiwa bado amepiga magoti, na mtangazaji akasahau kutaja jina lake kwa jinsi alivyopiga kelele. Ijumaa Montilla alirudi, akasugua benchi yeye.

Mji haukutulia. Dukani wanasema nilimrudisha mbuzi kwa sababu nilidai ng'ombe. Wengine wanasema ng'ombe alishapokelewa, na mbuzi alikuwa wa kutupumbaza. Aridio aliniuliza kama najuta. Nilimwambia ale chakula chake. Na alipokwenda kuoga, nilifungua tena buti la gari.

Jumapili Nurys alikuja langoni baada ya misa. Alisimama barabarani, kitambaa kichwani, mikono mitupu, akaiinua kidogo watu waione, akasema kwa sauti kubwa: "Doña Zunilda, asante!"

"Karibu, Nurys!"

Akageuka akaenda zake. Ng'ambo ya barabara don Quiterio alikuwa ametoka mlangoni kwake, na nilimsikia akimuuliza mtu wa karibu yake anadhani yule mama ameficha nini ndani ya kile kitambaa cha kichwani.