Mama Alipohamia Kwenye Mawe

Harufu ya petroli inanichosha. Siku hizi hapa Kakuma inatuamsha kabla ya jogoo, kwa sababu vijana wa bodaboda wanawasha pikipiki zao barabarani kungali giza, wanazingurumisha zikiwa zimesimama, na nikitoka kuwafokea, mimi bibi yao, wananiambia, "Shosho, wacha ipate joto kidogo." Ipate joto, Turkana! Narudi kitandani nimeshika kiuno, lakini usingizi haurudi. Ile harufu inanichukua mpaka uwanda mmoja ulio kati ya Lodwar na Kakuma, penye laga, mto mkavu mpana wa mchanga mweupe, migunga upande huu na mawe meusi upande ule. Nilikuwa msichana mdogo bado, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Kakuma yenyewe wakati huo ilikuwa maduka machache, misheni na miti. Hapakuwa na kambi ya wakimbizi, wala mtu aliyejua kwamba siku moja tungesikia lugha tano kwenye foleni moja ya maji.

Mwaka ule mvua ilikataa. Baba aliondoka na ng'ombe na ngamia kuelekea mpaka wa Uganda, kaka zangu wakubwa wakamfuata, tukabaki mama, sisi watoto, punda wawili waliokonda mpaka ungeweza kuwahesabu mbavu, na mbuzi wachache ambao hawakustahili kuitwa mbuzi. Mjomba Lokwang, kaka yake mama, alibaki nasi kwa sababu jicho lake moja lilikuwa bovu. Aliwahi kulima mahindi ya watu Kitale, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, na alikitumia kama mtu mwenye koti moja tu: hakosi kulivaa. Tulikula makoma, yale matunda ya mikoma. Unaguguna ile nyama yake ngumu ya nje mpaka taya zinauma, unakunywa maji ya kisima cha mchangani, unalala. Katikati ya uchovu huo, dada yangu Nakiru alianguka akichunga, mwiba wa mgunga ukamwingia ndani ya goti. Mama aliutoa, lakini kipande kilibaki. Goti likavimba likawa kama kibuyu, likawa la moto, na harufu ikaanza. Nakiru hakuwa mtoto wa kulia. Alianza kulia alipoguswa, kisha alipokuwa hajaguswa, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha mama.

Hospitali ya misheni ilikuwa Kakuma. Tulijaribu kumpakia Nakiru juu ya punda. Hatua chache tu alipiga kelele mpaka punda mwenyewe akasimama. Ndipo mjumbe wa chifu alipopita akieneza habari: watu wa mashindano ya pikipiki watatoka Lodwar kwenda Kakuma, watalala njiani usiku mmoja, na nyuma yao litakuja lori la matairi na chakula. Kuna bwana atatangulia kuchagua mahali pa kupiga kambi. Mjomba alicheka. "Watu wazima wanafukuzana na hakuna aliyeiba?" Mama hakucheka. Alisikia neno moja tu: lori.

"Watalala hapa kwetu," alisema.

"Umewaalika lini?" mjomba akamuuliza.

Alitengeneza mahali kama anavyotengeneza mwanamke wa kwetu anayejua kuhama. Alichagua kwenye ukingo wa laga, chini ya mgunga wenye kivuli kipana, mchanga laini ambao ubavu unaupenda, karibu na kisima lakini si karibu sana, wanyama wasije wakakanyaga watu wakienda kunywa. Tulifagia kwa matawi. Tuliokota miiba mmoja mmoja mpaka vidole vikatoka damu. Tulichimbua kisima tukakishusha, mimi nikiwa chini kabisa kwa sababu ya wembamba wangu, natoa mchanga kwa bakuli la mti na juu ya kichwa changu unarudi nusu. Nilipotoka nilikaa chini tu. Nilipaona mahali pale ni pazuri kuliko kwetu wenyewe, na kweli palikuwa pazuri.

Yule bwana alikuja na Landrova, mtu wa bara, kofia nyekundu, filimbi shingoni. Mama alisimama kando ya mgunga wake kama mtu anayeonyesha mahari. Bwana alizunguka, akaukanyaga mchanga kwa kisigino, kisigino kikazama. Akatikisa kichwa.

"Hapa pikipiki haisimami, mzee," alimwambia mjomba. "Italala."

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema pikipiki zao hazitaki kulala."

"Na wao je, hawalali?"

Bwana wa kofia alivuka laga, akaenda kwenye mawe meusi upande wa pili, mahali ambapo hata mbuzi hapumziki, jua linapiga kutoka juu na jiwe linapiga kutoka chini. Akapiga teke ardhi, ikamrudishia mguu. Akafurahi. Akaweka vijiti vyenye vitambaa, akaondoka. Tangu tujue kuhama, sisi tulikuwa tumechagua mahali kwa ajili ya kitu chenye mbavu. Hatukujua kuchagua kwa ajili ya chuma.

Siku waliyofika tulisikia kwanza mlio, kama nyuki waliokasirishwa mbali sana, halafu vumbi, halafu wao wenyewe, weupe na weusi, wote wa rangi moja kwa vumbi, wakishuka na kutembea miguu upande kama watu waliokatwa nyama za mapaja. Lori likaja mwisho. Walipiga mahema juu ya mawe. Nilidhani mama angembeba Nakiru mgongoni akawaombe, na mjomba naye alidhani hivyo.

"Nikienda kuomba," mama alisema, "wataniambia kesho asubuhi, nitarudi huku, na kesho asubuhi nitaona vumbi lao. Ila nikiwa jirani yao, watakunywa chai yao wakiniangalia."

Akaanza kuibomoa nyumba.

Asiyejua ajue: kwetu nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayeisimamisha, na akitaka ianguke inaanguka. Alivua ngozi za juu, akang'oa miti, akakunja makuti, akawapakia punda wale waliochoka. Sisi watoto tulibeba vibuyu, mawe ya jiko, kuku aliyefungwa miguu. Mjomba alimbeba Nakiru mikononi akilalamika njia nzima. Wanawake wa boma la jirani walitoka kututazama, na mmoja akapaza sauti, "Ee, mama Nakiru! Unahamia kwenye mawe, umekuwa mjusi?"

"Nahamia kwenye lori!" mama akamjibu bila kugeuka.

Jua lilipokuwa linashuka nyumba yetu ilikuwa imesimama, na ilisimama karibu na lori hivi kwamba dereva alipofungua mlango aligonga makuti yetu. Bwana wa kofia akaja mbio, filimbi mdomoni.

"Mama, hapa ni kambi!"

Mjomba akatafsiri. Mama alikuwa anapuliza moto.

"Mwambie na mimi nimepiga kambi."

"Lakini kwako ni kule ng'ambo!"

"Mwambie kule amekukataa mwenyewe. Kama hakumfai yeye, mimi nitakaaje?"

Waendesha pikipiki walicheka waliposikia, wakaja mmoja mmoja kutazama, na mmoja wao alipovua kofia ngumu nywele zikaanguka, kumbe mwanamke, mdogo wangu akakimbia. Bwana hakucheka. Alisema lori limejaa matairi na mapipa, hakuna nafasi hata ya kuku. Mama akaitikia vizuri, "Ejok, ejok," kama mtu aliyesalimiwa, akaendelea na moto wake.

Asubuhi alimtoa Nakiru akamlaza mlangoni, goti wazi. Wale watu wakakaa kwenye viti vyao vya kukunja, vikombe mkononi, na hapakuwa na upande wa kutazama ambao goti lile halikuwepo. Nzi walikuwepo. Harufu ilikuwepo. Mama alikaa kando, mgongo wima, shanga zake zote shingoni. Bwana wa kofia aliinua kikombe, akakishusha. Akakiinua tena. Mwishowe akaimwaga chai yote juu ya mawe, akasema kwa hasira, "Shusheni matairi mawili. Mtoto apande." Mama alipanda naye. Alipokuwa juu aliniambia, "Nyumba isiguswe mpaka nirudi. Nitaitafuta nilipoiacha."

Kwa hiyo tulikaa kwenye mawe. Nataka kusema ukweli, sijawahi kuchoka hivyo tena, na nimezaa watoto saba. Kila tone la maji tulilivusha kutoka ng'ambo ya laga. Ngozi ya kulalia haikuzuia kitu. Kila jiwe lilijua ubavu wangu. Mjomba alisema turudi mchangani, nikamwambia mama amekataza, akasema mama yako ana kichwa kigumu kama hayo mawe, lakini hakurudi. Mama alikuja siku nyingi baadaye, kwa miguu, peke yake, macho yetu yote yakamtazama mgongoni kama kuna mtu. Akaketi, akaomba maji. "Mguu haukukatwa," alisema. "Wamembakisha wauchunge." Halafu ndipo alipotazama huku na huku na kusema, "Hapa mahali pabaya kweli. Tuhame."

Nakiru yuko Kalokol, anauza samaki wakavu, goti halikunjiki na ulimi haukukauka. Mama tulishamzika.

Mimi sisifu kiu ya siku zile. Juzi mjukuu wangu alipata homa alfajiri, nikaita bodaboda, ikafika sijamaliza kufunga shuka. Tulifika hospitalini kabla jua halijawa kali. Tukakaa kwenye benchi kati ya akina mama wa Sudan Kusini, Wasomali na Wakongo, kila mmoja na wake mapajani, mpaka kivuli kikageuka upande, na msichana mwenye koti jeupe akatuambia kwa adabu, "Mama, mrudi kesho." Nikasema sawa. Ndiyo, mimi, binti wa mama yule, nikasema sawa, nikarudi. Kesho yake tulitibiwa na mtoto sasa anacheza, nashukuru. Lakini jioni ile ya kurudi nilisimama nje ya nyumba yangu waliyonijengea wanangu, ya matofali, sakafu ya simiti, mabati, mlango wa chuma, nyumba ninayojivunia mbele ya kila mtu. Niliizunguka yote, nikitafuta ningeanzia wapi kuing'oa. Sikupaona. Nikaingia ndani, nikamlaza mtoto, nikangoja kesho.