Nyumba Aliyotuachia

Mume wangu alijiunga na jeshi la Marekani tukiwa Louisville. Tulikuwa Warundi tuliolelewa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Tulioana hukohuko, tukaletwa Marekani pamoja na binti yetu mchanga. "Nchi iliyonipokea nami nitaitumikia," aliniambia. Nilimsihi asiende. Akaenda.

Alirudi kutoka Afghanistan mzima wa viungo, lakini kifua kimeharibika. Tukahamia Columbus, kwenye fleti ya kupanga, mimi nikifunga maboksi ghalani. Jumapili baada ya ibada alitupeleka kwa gari, taratibu, mpaka kitongoji cha Hilliard, kutazama nyumba zenye vibao vya kuuzwa. "Ile uwanja wake mpana," alikuwa akisema, huku akikohoa. Askari wa zamani hukopeshwa nyumba bila kutoa kianzio, kwa dhamana ya serikali. Tulingoja tu apate nafuu.

Hakupata. Tulimzika majira ya baridi, na baada ya miezi mingi serikali ikakubali kwamba ugonjwa uliomuua aliutoa vitani.

Pale ghalani alikuwepo mama mmoja Mtanzania, naye mjane wa askari. Siku moja wakati wa chakula aliniuliza, "Umeshaomba ile haki ya nyumba?"

"Ile ilikuwa ya mume wangu."

"Sasa ni yako. Serikali inakudhamini wewe kama ambavyo ingemdhamini yeye. Ila usije ukaolewa kabla hujanunua, utaipoteza."

Nilifunika chakula changu. Niliona kama ninatumwa kuchukua bei ya mume wangu.

"Mdogo wangu," akasema, "usipoichukua hatafufuka."

Nikaiomba haki ile. Nilichagua mji wa Buffalo kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa ameletwa huko, na sasa alikuwa amebaki peke yake. Nikapata kazi kiwandani. Benki ilipima mshahara wangu kama inavyompima mtu yeyote, ikaridhika, nami nikapata nyumba ndogo ya mbao mtaa wa Riverside.

Siku ya kusaini, mwanamke aliyeniandalia hati ofisini alikuwa mchangamfu sana. Aliona jeshi limetajwa kwenye karatasi, akatazama mlangoni. "Tumsubiri mzee?"

"Ametangulia," nilimjibu kwa Kiingereza changu, kama tunavyosema kwetu.

"Vizuri! Basi mtamkuta ameshafungua madirisha."

Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Nilisaini, machozi yakinidondoka mkononi, naye akanikumbatia na kunipongeza, akidhani nalia kwa furaha.

Jumamosi nilimleta mama mkwe. Alishuka garini, akasimama kando ya njia na mzigo wake kichwani.

"Karibu ndani, Mama."

"Nyumba ya nani hii?"

"Yetu."

"Nakuuliza ya nani."

Nikashindwa kuzunguka. "Mwanao ndiye aliyetupatia."

Aliutua mzigo, akaketi kwenye ngazi, akapiga yowe. Msibani kule Columbus mimi naye tulilia tukiwa tumeziba midomo kwa kanga, maana kuta za fleti ni nyembamba na jirani alishagonga mara moja. Siku ile hakujizuia. Alimwita mwanawe kwa majina yote aliyompa utotoni, mengine sikuwahi kuyasikia, na mimi nikaketi karibu naye nikaitikia kila moja. Mtu ng'ambo ya barabara alitoka kuchungulia, akatutazama kidogo, akavua kofia na kurudi ndani.

Binti yangu alituuliza kwa Kiingereza kama ampigie mtu simu.

"Hapana," nikamwambia. "Mletee bibi maji."

Mama mkwe alinawa uso palepale kwenye ngazi, akajifuta kwa upande wa kanga. Kisha akanipa mkono nimwinue, tukaingia.