Mkono Alionyimwa Ami Ghattas

Ami Ghattas alikuwa mtu wa kushuku tangu namjua, nami namjua tangu nilipoolewa mtaa huu, ukuta wangu ukiegemea wa kwake. Ukimwamkia, anataka kujua umetumwa na nani. Ukimpelekea sahani ya maharage, ataifunua, ataichungulia, kisha aulize, "Kuna nini leo, Mama Nashid?" Hakuna kitu, baba! Ni maharage!

Kazi yake ilikuwa kuoka kurbani, mikate ya ibada, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa letu, kijijini hapa kando ya mji wa Minya, huku Misri. Mwokaji huoka akiwa amefunga, hajatia kitu mdomoni, huku akisoma zaburi. Sasa Ghattas alikuwa na udhaifu wake: kabla ya kutoka nyumbani alipiga glasi ya chai nzito, sukari tele. Aliyejua ni mkewe, Istir, maana ndiye aliyemchemshia. Na mimi, kwa sababu ukuta wetu ni wa udongo na masikio yangu ni mazima.

Korona ilipoingia, Abuna Yustus, kasisi wetu, hakupumzika. Alifunga kipaza sauti mnarani, akawa anatangaza kila siku: naweni mikono, vaeni barakoa, mwenye kikohozi abaki kwake, kanisa litamletea chakula mlangoni. Marsa, binti mhudumu wa kanisa, akapita nyumba kwa nyumba akigawa sabuni na namba ya simu ya kupiga mtu akizidiwa. Ndipo Abuna akatangaza pia kwamba hapana tena kubusu mkono wa kasisi. Kijiji kizima kilisikia, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa chumbani, tanuri linanguruma. Kila mmoja wetu akadhani mwenzake atamwambia. Na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Jumapili Ghattas, kawatangulia wote kufika, akainama abusu mkono. Abuna akauficha nyuma yake.

Lo! Kwetu kasisi hamnyimi mtu mkono bure. Anayenyimwa ni aliyetengwa, dhambi yake imefika madhabahuni. Ghattas akajihesabu mmoja wao. Kwenye meza ya Bwana hakusogea, akiogopa kurudishwa mbele za watu. Akaenda nyumbani na swali moja: nani kapeleka habari za chai?

Nani tena? Istir alikuwa ametoka kuungama kwa Abuna wiki ile ile.

Kumgombeza hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alimnunia. Istir akiweka chakula, mume anakula kageukia ukutani. Istir akimwita, kimya. Na Istir huyo kifua chake kibovu tangu utotoni. Vumbi la ngano tu lilimlaza kitandani. Ugonjwa huu ungemkuta yeye, ndio basi, na sote tulilijua hilo.

Marsa alipokuja na sabuni, Ghattas alimjibu kwa upenyo wa mlango.

"Nani kakutuma?"

"Kanisa, ami. Namjulia hali Mama Istir."

"Unamjulia hali au unachungulia sufuria zangu? Mwambie Abuna leo nimekunywa, na kesho nitakunywa!"

"Umekunywa nini, ami?"

"Anajua yeye!"

Maskini binti wa watu akaiacha sabuni kizingitini. Ghattas akaisukuma kwa fimbo mpaka mtaroni. Barakoa hakuvaa. Kanisa akalisusa, akawa anashinda kinuni na wasaga unga, wanakoholeana usoni. Tangazo likianza, anaziba masikio kwa pamba.

Asubuhi moja nikasikia ukuta unagongwa.

"Mama Nashid... pumzi," Istir akasema.

"Mumeo yuko wapi?"

"Yupo. Hasemi nami."

Haki ya Bikira, hasira zilinipanda! Nikampigia Marsa. Gari la wagonjwa likaja, na Abuna nyuma yake, akasimama mbali barabarani. Ghattas akatoka mbio.

"Umekuja kuzika? Umenitenga, sasa umekuja kuzika?"

"Nani kakutenga, Ghattas?"

"Na ule mkono wako je?"

Abuna akashika kichwa. "Ndugu yangu, mkono nimewanyima wote! Nimetangaza mpaka sauti imenikauka!"

Ghattas akamgeukia mkewe, aliyekuwa amelazwa kwenye machela, oksijeni puani. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia. Nilikuwa juu ya paa, naanika nguo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuita," Istir akasema, kwa taabu. "Kila siku nilikuita, Ghattas."

Wakamwingiza garini, wakafunga mlango.

Hakurudi. Abuna alimzika mbele ya watu wachache, kila mmoja kasimama mbali na mwenzake, na hakuna aliyeweza hata kumshika Ghattas bega. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia siku ile. Niliyameza.

Siku hizi kipaza sauti kikilia, Ghattas anatoka uani, anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anaingia ndani, namsikia kupitia ukutani. "Istir, wanasema chanjo imefika. Istir, wanasema wazee watangulie." Halafu anangoja ajibiwe.