Mwamba wa Majani Chai

Enzi zetu mtoto hakujifunza kuendesha mashua kwa kidole, kama hawa watoto wa kaka yangu Ombati wanaojilaza kochini hapa Ogembo, wakavua samaki wa kwenye simu, kisha wakajiita manahodha. Sisi tulijifunza kwa wilbaro, pembeni mwa majani chai ya nyumbani, na bahari hakuna aliyekuwa ameiona isipokuwa Tata.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, aliendesha mashua ya kuwapeleka watalii kuvua samaki huko Pwani. Majirani walimcheka: Mkisii gani anaacha migomba yake akakokote ndoano baharini? Akija likizo ya Desemba, alifunga kamba mbili ndefu nyuma ya wilbaro, kila moja na gunzi la mahindi mwishoni. Gunzi ndilo chambo, ukingo wa majani chai ndio mwamba. Nguru na sulisuli, alisema, huwinda pale mwamba unapoishia na kina kuanza, kwa hiyo lazima upite karibu. Lakini ndoano ikinasa kwenye mwamba, umekwisha.

"Usikate kona kama ng'ombe anayerudi nyumbani," alifoka. Kwenye kona unatoka nje kwanza, unazunguka kwa upana, kwa sababu kamba haifuati njia yako, inapita ya mkato. Usisimame ghafla pia, kamba ikilegea chambo kinazama. Bado nasikia harufu ya udongo uliolowa, na mama akiita kutoka jikoni kwamba wilbaro ni ya samadi, si ya wendawazimu.

Mwaka mmoja Tata akaahidi: atakayezunguka shamba lote magunzi yasiguse jani, ataenda naye Pwani na atashika usukani. Tulikuwa wawili tu. Ombati alinasa kwenye kona ya kwanza, akavuta kwa hasira hadi kamba ikakatika. Mimi nilizunguka mpaka nikarudi mlangoni, viganja vimechubuka, magunzi hayajagusa kitu. Sijapata furaha kama ile tena.

Asubuhi ya safari nikaoga, nikajipaka mafuta. Tata akampandisha Ombati kwenye basi.

"Kemunto mwanangu, kwenye mashua hakuna choo cha wasichana," akasema, haniangalii.

Choo gani? Jana yake ndugu zake walikuwa wamekaa sebuleni wakimcheka kwamba atapeleka msichana baharini. Nahodha mzima, anakwepa mwamba ulio chini ya maji, akashindwa kukwepa wanywa chai watatu.

Ombati alitapika tangu mashua inatoka mpaka inarudi, Tata mwenyewe alitwambia. Lakini msikilize kila Krismasi anavyowasimulia wanawe sulisuli aliyemvua. Wanaitikia "eeh, baba" bila kuinua macho kwenye simu. Hata uongo wa mzazi siku hizi hausikilizwi vizuri.

Juzi wakanialika Mombasa, eti Shangazi akaone bahari. Najua safari zao: watakaa ufukoni, wapige picha, wale chipsi zilezile za Kisii, warudi. Nikakataa. Nilikuwa nasukuma samadi, na kwenye kona ya majani chai nikatoka nje kwanza, kama kawaida yangu, ingawa nyuma hakuna kamba.

"Kwani Shangazi hutaki kuiona?" kijana mmoja wa Ombati akauliza.

Nikamwambia kuiona aone yeye. Mimi niliahidiwa usukani.